Wimbo wa Kalamu kwa Mama wa Mfalme

Kwaya yetu ilikuwa na watu kumi na mmoja, Wakenya na Wakongomani, na kila Jumapili mchana tuliimba katika ibada ya Kiswahili kwenye kanisa dogo la Bugolobi, Kampala. Kiongozi wetu alikuwa fundi viatu kutoka Bukavu, mtu mpole mwenye sauti inayopenya ukuta. Sote tulimwita Papa. Jumamosi alitupeleka hospitali ya Mulago, tukaimbia wagonjwa kwa sauti ya chini hadi wauguzi walipotuambia yatosha.

Sikujua kwamba Jumamosi moja, nyuma ya ukuta wa wodi, alilala mgonjwa wa aina yake: mama wa mmoja wa wafalme wa kimila wa nchi hii. Nililijua hilo mwezi mmoja baadaye, nikiwa kibandani kwangu soko la Owino, juu ya ngazi, nikimtundikia mteja pazia. Bwana mmoja mrefu, suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, alisimama chini akanitazama, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, habali yako. Ni wewe unaimbaga pale Mulago?"

Nilishuka. Akajitambulisha kuwa mtumishi katika nyumba ya mfalme, aliyewahi kuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake alikipata kambini.

"Mama ya mfalme alisikia nyinyi akiwa mgonjwa. Sasa amepona. Amesema, niletee wale watu. Jumamosi ya pili, kwake hapa Kampala. Anataka nyimbo ya kalamu."

"Ya kalamu?"

"Kalamu kabisa. Kubwa. Watu wengi watakuja. Atafulahi sana."

Nimeishi Kampala miaka tisa. Masikio yangu yalipaswa kuamka pale aliposema "habali", na tena aliposema "atafulahi". Lakini mtu akikuambia umeitwa na mama wa mfalme, masikio hayafanyi kazi yake. Mteja wangu aliondoka na pazia lisilo lake, wala sikumwona.

Jioni ile kwaya ilijaa kelele. Kwa nini kalamu? Mmoja alisema mama anafungua shule. Mwingine akasema atagawia watoto vifaa vya kusomea. Papa alisikiliza wote, akafunga macho.

"Mama mkubwa ameomba kalamu, tutamupa kalamu," alisema. "Nipeni siku tatu."

Siku ya tatu alikuja na wimbo, na nitasema ukweli, ulikuwa mzuri. Ulianza polepole kama mtoto anayejifunza herufi, kisha ukashika mwendo wa kuchezeka. Kiitikio chake kilikuwa hiki:

*Kalamu yangu, nitakutia mfukoni,*
*tutoke pamoja, twende shuleni.*

Tuliufanyia mazoezi mpaka majirani wa maghorofa yaliyo karibu na kanisa wakaanza kuuimba wakianika nguo. Mimi nilishona sare za kitenge cha njano, nikaweka mfuko mmoja kifuani kwa ajili ya kalamu. Kwenye kiitikio wote tungezichomoa kwa pamoja na kuziinua juu.

Siku ikafika. Tulipoingia getini hatukuona dawati wala mtoto wa shule. Tuliona mahema meupe, masufuria yenye ukubwa wa pipa, matooke yakifuka ndani ya majani ya migomba, na mbuzi wakigeuzwa juu ya makaa. Yule bwana wa suti alitukimbilia akitabasamu, kisha akaona vifua vyetu.

"Nyabo, hizi biki ni za nini?"

"Si ulisema wimbo wa kalamu?"

"Ndiyo! Kalamu!" Akaonyesha masufuria. "Kula! Kunywa! Kalamu!"

Karamu. Alikuwa ametafuta neno zuri la kanisani kwa kutuheshimu, nasi tukamwandalia wino. Nilimgeukia Papa. Mpambe mmoja alikuwa keshatuita mbele, na mama mwenyewe alikuwa ameketi, mwembamba, mkongojo mapajani, akitutazama kwa hamu.

Papa alinong'ona bila kugeuza kichwa: "Palipo na L, wekeni R. Tuimbe."

Tukapiga magoti kwa heshima, tukainuka, tukaimba. Nusu ya kwaya ilikumbuka R, nusu ikasahau. Wageni wengi hawakuona tofauti yoyote, wakapiga makofi. Tukafika kwenye kiitikio, na kwa sauti zetu zote tukamwimbia mama wa mfalme:

*Karamu yangu, nitakutia mfukoni,*
*tutoke pamoja, twende shuleni.*

Na mikono, kwa mazoea, ikachomoa biki na kuziinua.

Mama aliinua kiganja. Tukanyamaza. Nilidhani tumekwisha.

"Karamu gani hiyo inayotiwa mfukoni?" aliuliza, kwa Kiswahili safi kuliko chetu sote. Baadaye tuliambiwa alikulia Kisumu, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli.

Yule bwana wa suti alikuwa amesimama pembeni, uso umemshuka, na nikaona ameelewa. Nikapiga goti tena.

"Mama, utusamehe. Tulisikia vibaya. Tulidhani umeomba wimbo wa kalamu ya kuandikia."

"Hapana, Mama," yule bwana akasema, akija mbele. "Wao walisikia vizuri. Ni ulimi yangu."

Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama zile biki kumi na moja zilizokuwa bado hewani kwa sababu hakuna aliyethubutu kushusha mkono. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika mkongojo asianguke, na alipocheka yeye, hema zima likapata ruhusa.

"Kwaya za kuimbia chakula nimezisikia maisha yangu yote," alisema akijifuta macho. "Hii haijawahi kuimbwa mbele ya mtu yeyote. Rudieni. Na msibadilishe kitu."

Tulirudia mara tatu. Mara ya pili wazee wa kamati ya sherehe walikuwa wakitia sambusa mifukoni na kuzichomoa kwenye kiitikio. Mara ya tatu mama mwenyewe alisimama, akampa mpambe mkongojo, akacheza hatua nne na Papa, mabega tu yakisema, huku binti zake wakimpigia vigelegele.

Kisha tulikaa, tukala mpaka mishono yangu ikalalamika. Yule bwana wa suti hakutaka kuja mezani petu. Papa alimwendea, akamshika mkono, akamketisha kati yetu. Alikuwa na aibu kama bwana harusi. Tulipoanza kuimba taratibu, sisi kwa sisi, tukisubiri chai, alijiunga, na sote tukageuka kumtazama. Besi ya namna ile hatukuwahi kuwa nayo. Ilitoka chini kabisa, tulivu, ikatubeba.

"Ssebo," Papa akamwambia, akimwita bwana kwa Kiganda, "Jumapili saa nane. Bugolobi. Usichelewe."

Hakuchelewa. Sasa tuko kumi na wawili.