Mashine ya Kabati na Kondoo wa Baba

Nilirudi kwetu Kabati, Kitui, na diploma yangu ya uhandisi, miaka yangu ya karakana za Doha, na uhakika kwamba hakuna mashine inayoweza kunishinda. Karo nilijilipia. Tiketi pia. Kwa hiyo nilipoamua kuunda CNC, ile mashine inayochonga mbao kwa kufuata mchoro wa kompyuta, sikuomba ushauri wa mtu.

Mota nilizitoa ndani ya fotokopi zilizokufa, nilizozipata kwa muuza vyuma vikuukuu Sultan Hamud. Fremu niliichomelea kwa mabomba yaliyobaki nilipojenga geti. Kisu kilizungushwa na rauta ya mkono, ile mashine ndogo ambayo mafundi wa makabati huchimbia mbao, niliyoifunga kwa bolti. Majirani walisimama mlangoni wakiuliza, "Injinia, hiyo itaanza kusaga mahindi lini?" Niliwaacha wacheke.

Niliiunda kwa ajili ya baba. Alikuwa mchongaji maisha yake yote, na kanisa letu lilikuwa limemwagiza ubao wa mbele wa mimbari: mchungaji na kondoo wake. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Tezo ilipomponyoka mbele ya watu, mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwambia kwa upole kwamba kazi inaweza kupewa mwingine. Baba alijibu kwamba itakuwa tayari. Mgeni alipoondoka, aliificha mikono ndani ya koti, ingawa jua lilikuwa kali.

Nikaupiga picha mchoro aliokuwa ameuchora wa ubao huo, nikauingiza kwenye kompyuta, nikafunga kipande cha mbao cha kujaribia. Mashine ikachonga kondoo mzima, hadi manyoya. Nikamwita baba kwa fahari. Alipitisha kidole, akasema ni kazi safi, akarudi kwenye kiti chake. Nilimfuata kumuuliza kasoro iko wapi.

"Haina kasoro," alisema. "Lakini sisi wachongaji, anayejifunza ndiye hutoa umbo kwa tezo. Mwenye kazi humalizia. Sasa hiyo yako imemaliza. Mimi nimebaki na nini?"

Nilirudi kwenye kompyuta nikaiamuru mashine iishie njiani, iache mbao ya unene wa ganda la chungwa juu ya kila uso. Ubao wa mimbari ukatoka ukiwa na vichwa butu visivyo na macho. Baba aliegemeza viganja vyote viwili juu ya mbao, na hapo mtetemeko ulipungua kiasi cha kisu kidogo kushikika. Alifanya kazi polepole, akipumzika, akipiga msasa. Jicho moja la mchungaji lilishuka kidogo. Ningeweza kulisawazisha kabla chai haijapoa. Sikuligusa.

Siku ya kukabidhi, yule mzee wa kanisa aliuliza ni nani aliyechonga.

"Ni mimi," baba alisema. "Umbo lilitolewa na mashine aliyoiunda mwanangu. Zunguka Kitui yote uone kama utapata nyingine."

Kisha akamwonyesha lile jicho lililoshuka, akamwambia kwamba hilo mashine haiwezi.