Baba Hakusikika

Juzi, katika mji wa Blaine, niliona redio ya zamani ya mawimbi mafupi ikiuzwa nje ya nyumba ya mtu. Ilikuwa imewashwa, nikanusa vumbi linaloungua ndani yake, harufu ileile ya redio yetu ya zamani.

Utotoni tulikaa mtaa wa Frogtown. Baba alifanya kazi kaskazini ya mbali, katika kituo kinachozungumza na ndege kwa redio, nami nilimsaka kwenye redio yetu kila nilipotoka shule. Alasiri moja nilimpata rubani tu. Alitaja kituo cha baba, akanyamaza, akasema namba, akanyamaza, akazirudia.

“Mama, baba hamjibu! Ndege itaanguka!”

“Basi mjibu wewe,” mama alitania, akivaa sare ya kazi.

Niliipigia spika kelele hadi sauti ikakauka.

Jumapili baba alipiga simu, nikamuuliza kwa nini hakumjibu rubani. “Nilimjibu kila neno, mwanangu.”

Sikumwamini. Nilidhani alilala kazini, na sikumsaka tena.

Miaka mingi baadaye nilijisomea kwamba mawimbi ya redio ya kituo yaweza kupita juu yetu tusiyasikie, huku ya ndege yakitufikia. Na kwamba rubani hurudia namba alizopewa na kituo, hata mara mbili, kuthibitisha amezisikia sawasawa. Nilipoyajua hayo, sikuwa tena na baba wa kumwomba radhi.