Wino kwenye Ukucha

Siku ya uchaguzi wa 2019 nilishinda nje ya kituo cha kupigia kura huko Soweto, nikiwauliza waliotoka kilichowaongoza kuchagua: rangi, mkoa waliotoka, au shida za nyumbani. Ndiyo kazi yangu chuoni. Nawafundisha vijana wa Johannesburg jinsi wazazi wao wanavyopiga kura, ilhali mimi ni Mkenya na sina kura hapa.

Mwenzangu wa idarani, mzaliwa wa hapa, aliniomba nimshikie karatasi zake za maswali, akaingia kupiga kura. Alitoka na alama ya wino kwenye ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Kuanzia hapo watu walimwendea yeye. Bibi mmoja niliyemsalimia kwa Kizulu changu cha kubabaisha alinitazama kidole kwanza, akaona hakina wino, akanipita. Lakini mwenzangu alielezwa na bibi huyo mpaka habari za wajukuu wake. Nilimwonea wivu.

Jioni, tukiwa garini tumesimama kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, nilimuuliza alimpigia nani.

“Eish, sikumpigia mtu,” akasema. “Niliichorachora karatasi nzima ya kura, nikaitumbukiza sandukuni. Wote ni wale wale.”

Nilinuna. Akadhani nina uchungu na demokrasia ya nchi yake, akaanza kujitetea, na nikamwacha ajitetee mpaka nyumbani. Sikuwa nawaza demokrasia. Nilikuwa nautazama ule ukucha wake juu ya usukani, nikiwaza kwamba yeye alikuwa na kura ya kuharibu.