Zimwi Lililotapika Mji

Zimwi la kwanza nililolipenda maishani nilikutana nalo likiwa limefungiwa karanga.

Ilikuwa Tinde, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimetoka chuoni na sanduku la bati na jozi moja ya viatu. Kwetu ni Ushirombo. Siku ya kuondoka mama alinifungia kuku wa njiani na kunionya nisipange kwenye nyumba yenye kelele. Nikapanga chumba nyuma ya duka, pale njia ya Kahama inapoachana na ile ya Nzega, mahali ambapo malori hayanyamazi hata Ijumaa Kuu.

Mwenye nyumba, niliyekuja kumwita Mama, alikuwa mjane, Mwislamu, baba yake mtu wa pwani na mama yake Mnyamwezi wa Tabora. Alicheka kwa mwili mzima. Enzi zile za uhaba duka lake lilikuwa na chumvi, viberiti, na tangazo la sabuni ambayo hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kuiona. Alichouza hasa ni karanga za kukaanga, kwa abiria wa mabasi na matingo wa malori. Karanga zilikuwepo. Karatasi za kufungia ndizo zilizokuwa taabu.

Alasiri moja nilirudi kutoka shuleni akanipa kikunjo cha karanga. Nikala, kisha nikakikunjua kikunjo nione kimeandikwa nini. Ndiyo ilikuwa tabia yangu. Tulikuwa na njaa ya kusoma hata tukasoma vibandiko vya chupa za dawa. Nikaona picha iliyochorwa kwa wino mweusi titi. Kitu kikubwa kama mlima, chenye nywele ndefu na macho katika viganja vya mikono, kimefumbua kinywa, na kinywani imejaa miguu ya watu.

"Mama, karatasi hii umeipata wapi?"

"Kwa mpishi wa yule Mjapani aliyekuwa anachimba visima. Mjapani karudi kwao, kaacha vitabu. Mpishi kaniletea gunia zima. Karatasi nzuri hiyo, mafuta hayapiti."

"Lakini hivi ni vitabu vya hadithi!"

"Hadithi gani hiyo isiyosomeka?"

Nilikwenda kwenye gunia. Vitabu vilikuwa vinene kama matofali, na ndani kila ukurasa una picha, na maandishi yake kama nyayo za kuku. Vingine vilihusu vijana waliopiga kijipira kwa rungu. Vingine vilikuwa vya lile zimwi langu, na msichana mmoja mwenye shungi ambaye alionekana karibu kila ukurasa. Mama alikuwa amekwisha kuchana kidogo upande mmoja wa kile cha kwanza. Nikambembeleza. Tukakubaliana kwamba karanga zitafungwa kwa wale wa rungu, na mazimwi yasiguswe.

Kesho yake tukakaa kibarazani kusoma. Tulikifungua kitabu kama watu wote wafunguavyo kitabu, jalada likienda kushoto, tukaanza. Msichana amesimama kilimani, peke yake, mbele yake majivu matupu. Ukurasa unaofuata, zimwi linatokea. Linafumbua kinywa. Halafu, kurasa kwa kurasa, linatoa watu tumboni! Kwanza miguu, kisha viuno, kisha nyuso zilizotoa macho. Akatoka mpika mikate, akatoka mzee na mbwa wake, zikatoka mpaka paa za nyumba. Mji wote ukasimama upya.

Mama alijifunika uso kwa kanga akawa anachungulia kwa jicho moja.

"Funua. Ngoja, usifunue. Haya, funua!"

"Mbona wanatisha hivi nyuso zao, na wameokoka?"

"Mwalimu, na wewe ungetoka tumboni mwa zimwi ungetabasamu?"

Nikaona ni kweli.

Tulikuwa hapo alipokuja bibi jirani kuomba chumvi. Bibi huyu aliishi peke yake ng'ambo ya barabara. Miaka mingi ya kupikia samadi kavu, kwa kuwa kuni hakuna, ilikuwa imeyafanya macho yake mekundu kama makaa. Usukumani siku zile macho mekundu ya bibi kizee hayakuwa jambo dogo. Watu walimwamkia kwa mbali, na wazazi waliwavuta watoto wao mkono walipompita. Wako wazee wa vijiji vingine waliokatwa mapanga kwa macho ya namna hiyo. Yeye alilijua hilo, nasi tulilijua, na hakuna aliyelitaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnaangalia nini?"

Nikasita, lakini Mama alikwisha kumpa kitabu. Bibi alikisogeza karibu sana na uso. Tukangoja ashtuke. Badala yake alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Mayu!" alisema, kama tunavyomwita mama au dada huku kwetu. "Huyu mtu mzuri! Wenzake wanameza watu, yeye anawalejesha!"

Kila mtoto wa Kisukuma amesimuliwa juu ya zimwi lililomeza watu na ng'ombe wao. La kutapika ndilo bibi alikuwa hajaliona, na tangu siku hiyo akawa ndiye msimulizi wetu. Alisema Kisukuma, akichomeka Kiswahili kila alipomwona Mama amebaki nyuma. Mimi Msumbwa sikupata taabu, lugha zetu ni ndugu. Kila aliyetoka kinywani alimpa maneno yake. Mpika mikate alitoka akiuliza nani amekula mikate yake. Mzee alimlaumu mbwa: "Nilikwambia tusipite njia hii." Zimwi lenyewe alilipa sauti nyembamba, ya mtu mwenye haya, likiomba radhi kila likicheua.

Wanafunzi wangu walianza kuja. Siku za mwanzo walisimama ng'ambo, tayari kukimbia. Kisha wakavuka barabara. Mwishoni walikaa miguuni pa bibi wakigombea nafasi. Abiria nao wakaongezeka. Mchimbaji mmoja wa Rwamgasa, aliyekuwa akingoja lori na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, alitazama kurasa kadhaa, kisha akauliza kwa dhati, "Na dhahabu halitapiki?"

"Ukilikumbatia vizuri," bibi akamjibu.

Raha hiyo haikukosa mdomo wa kuisema. Jirani mmoja, mwanamume mwenye maneno mengi, alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi akashtaki kwamba dukani kuna kitabu cha wachawi na yule bibi anawasomea watoto. Habari zilitufikia mchana. Mama alifunga duka jua likiwa utosini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mwalimu, hili zimwi la karatasi siliogopi. Ninaogopa watu."

"Tukifiche kitabu?"

"Tukikificha tumekwisha. Watasema kumbe kweli."

Bibi alikuja saa yake ile ile, akapiga hodi mlangoni kwa fimbo, akashangaa kukuta kumefungwa. Tulipomweleza, alikaa kwenye benchi na kunyoosha kanga yake magotini. "Basi na waje," alisema. "Leo tulikuwa tunafika pa zuri."

Balozi alikuja na mshtaki nyuma yake. Balozi alikuwa mtu wa makamo, mkulima wa pamba, mpole lakini mwenye kupenda mambo yafuate utaratibu. Alivaa miwani, akakipindua kitabu, akapitisha kidole juu ya maandishi.

"Nani msomaji hapa?"

"Mimi," alisema bibi.

"Unajua kusoma?"

"Sijui."

"Sasa unasoma na nini?"

"Na macho haya haya mnayoyasema."

Lori lilipita, na hakuna aliyegeuka kulitazama. Balozi alikohoa, akamrudishia kitabu.

"Haya. Soma tusikie."

Akasoma. Mwanzoni niliona vidole vyake vikikamata jalada kwa nguvu. Lakini alipofika kwa mpika mikate, mtoto mmoja alicheka, naye akapata moto. Balozi alivumilia kurasa chache, kisha akaanza kuzifunua mwenyewe. Mshtaki, aliyekuwa amesimama kando amekunja mikono, alirefusha shingo mpaka ikabidi asogee.

"Na huyu aliyeficha uso ni nani?" aliuliza mshtaki, akajisahau.

Bibi alimtazama vizuri. "Huyo ni jilani mwenye maneno mengi. Zimwi lilimtapika upesi, halikupenda ladha."

Balozi ndiye aliyeanza kucheka. Alivua miwani akafuta machozi, kisha akatoa uamuzi wake kwa sauti ya mkutanoni: hizi ni katuni za Kijapani, zisomwe hapa hapa dukani, mchana, mbele za watu, na kitabu cha pili kikianza, yeye aarifiwe. Mshtaki hakucheka siku ile. Lakini haikuchukua muda nikamwona nyuma ya watoto, amejibanza kwenye nguzo, anasikiliza.

Basi tukasoma kwa amani hadi siku iliposimama Landrova nyeupe. Akashuka kijana wa Kijapani, mwenzake yule aliyeondoka, kutafuta kiberiti. Alipokiona kitabu mikononi mwa bibi alipiga kelele kama aliyekutana na ndugu. Alikipokea kwa mikono miwili. Halafu akakigeuza, nyuma ikawa mbele.

Kiswahili chake kilikuwa cha kufundishwa, chenye adabu kuliko chetu.

"Samahani sana, wazee wangu. Mnasoma kinyume. Kwetu tunaanza huku, kulia."

Na akatusomea. Msichana mwenye shungi anatoa kijidudu kisimani, kidogo kama kiwavi. Anakionea huruma, anakificha chini ya kitanda, anakilisha. Kinakua. Kinamla mbwa, kisha mzee, kisha mpika mikate. Msichana analia lakini bado anakilisha. Kinamla mama yake. Kinaumeza mji wote.

Mtoto wa darasa la pili alianza kulia. Mama alikuwa amejifunika kanga macho yote mawili.

"Na mwisho?" aliuliza bibi.

Kijana alifunua ukurasa wa mwisho, akakuta umechanwa. Akatafuta, akatazama chini ya benchi. "Mwisho uko wapi?"

"Mwisho ulifungia karanga," alisema Mama. "Umekwenda Kahama."

Kijana alisikitika kwelikweli. Alitueleza kwamba alikisoma utotoni kwa kuibia, mama yake hakutaka vitabu vya kutisha, na kabla hajamaliza kikachukuliwa. Amekuwa mtu mzima hajui msichana yule alifanya nini. Bibi akamgongea benchi akae. Akakigeuza kitabu upande wetu, akamsimulia tangu majivu mpaka kijidudu kidogo kinachorudishwa kisimani kulala. Kijana alisikiliza mdomo wazi. Mwishoni aliomba arudiwe mahali pa mbwa.

Landrova ilipoondoka bibi alitikisa kichwa. "Kijana mzuri. Ila kusoma bado."

Jumamosi moja, Mama akiwa kwenye maziko na duka limefungwa, nilikichukua nikakisoma peke yangu kwa njia ya Kijapani. Nilikaa uani kwenye jua kali na bado mikono ilinisisimka. Hapo ndipo nilipoona ustadi wa mchoraji. Zimwi halikuwa kitisho. Kitisho kilikuwa uso wa yule msichana, upole wake usiobadilika, akisogeza sahani chini ya kitanda huku akijua. Aliyechora vile alikuwa ameona jambo duniani, nami nilitamani kumjua. Nilikirudisha kitabu guniani, nikawa mchangamfu kupita kiasi jioni nzima. Siku iliyofuata bibi alipoanza kusoma tangu kwenye majivu, nilifurahi kama mtu aliyeamshwa ndotoni.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwenye nyumba yake, na wakati wote niliokuwa Tinde sikumsikia tena mtu akitaja macho yake ila kumwuliza kama yanamwuma. Sitaki kusema ni kitabu kilichofanya hivyo. Huenda ni balozi. Huenda watu walichoka tu kumwogopa mtu aliyewachekesha.

Mimi nilihamishiwa Chato. Nilipata nafasi kwenye lori la pamba, asubuhi, na wote wawili walitoka kuniaga. Mama alinipa mfuko wa karanga na kulia kwa sauti. Bibi hakulia, alikasirika. Tulikuwa katikati ya kitabu cha tatu, ambamo zimwi, kwa hesabu zetu, linaposa.

"Unaondokaje sasa? Hujui kama wazazi wa binti watakubali."

"Nitajuaje, bibi? Dereva ana haraka."

"Mimi najua," alisema, akashika mlango wa lori. "Baba mtu alikataa. Akasema mkwe gani mwenye macho viganjani, atashikaje jembe? Basi zimwi likaenda kwa shangazi..."

Dereva alimtazama, akanitazama mimi, kisha akazima injini.