Sanduku Lililolia Mbele ya Mgeni Rasmi

Harufu ya risasi ya kuunganishia waya ikiyeyuka kwenye ncha ya chuma cha moto, imechanganyika na nta ya nyuki, ndiyo harufu ya nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa fundi redio katika mtaa wa zamani wa Tabora, kando ya njia waliyopita wapagazi kwenda Ujiji. Miaka ile ya Ujamaa vifaa vilikuwa adimu, kwa hiyo baba hakutupa kitu. Redio iliyokufa aliichuna kama mbuzi, kila kiungo kikawekwa kwenye kopo lake. Nta ililetwa na shangazi kutoka Goweko, nasi tuliitumia kushikilia waya pale gundi ilipokosekana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba kuliko vya baba, kazi zote za ndani kabisa ya redio zilikuwa zangu. Ninalisema hili mapema, asije mtu akadhani nilikuwa namshikia baba taa tu.

Siku moja niliunganisha redio ya mteja vibaya, ikatoa mluzi mmoja mrefu usiokatika. Baba alitaka kuuzima, nikamsihi auache. Kutokana na kosa lile nilijenga masanduku matatu, kila moja ndani ya kasha la mbao la majani ya chai. La kwanza lilipiga mluzi. La pili halikuwa na sauti yake, lakini ukichomeka waya wake kwenye la kwanza, mluzi ulitetemeka kama kigelegele. La tatu lilikuwa mlango: lilifungua na kufunga sauti, mluzi ukakatwa vipande vipande hadi ukawa mdundo. Ukihamisha waya kutoka tundu hili kwenda lile, unapata muziki mwingine kabisa. Waya zenyewe zilikuwa mabaki ya simu, nyeusi zote, basi nilizizungushia nyuzi za cherehani ili nizitambue: nyekundu, kijani, njano, nyeupe. Masika yalipokwisha niliweza kutoa honi ya garimoshi likiingia kutoka Bukene, na nyuma yake mdundo wa manyanga. Majirani walijaa mlangoni, na baba akawa anawaambia wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba ni kazi ya binti yake.

Mwalimu Festo, aliyetufundisha sayansi shuleni, alikuja kuchukua redio yake akayakuta masanduku yakiimba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, macho yake yako kwenye nyaya. Alimwambia baba kwamba shule ilikuwa ikiandaa maonyesho ya kujitegemea, na kwamba ofisa wa elimu atakayekuwa mgeni rasmi angechagua mwanafunzi mmoja wa kupelekwa shule ya ufundi. Moyo wangu uliruka. Mwalimu aliomba masanduku yale yaonyeshwe huko. Baba alisita kuyatoa, na mwalimu akamwekea mkono begani. "Mzee wangu, siku hizi hakuna changu wala chako," alisema. "Vyote ni vyetu." Siku zile mtu aking'ang'ania kitu chake aliitwa mbinafsi, na hakuna aliyelitaka jina hilo. Baba alikubali. Kwa wiki mbili nilimfundisha mwalimu kuchomeka waya, naye akaandika kila hatua kwenye daftari: uzi mwekundu tundu la tatu, uzi wa kijani tundu la kwanza. Hakuuliza hata mara moja kwa nini uende huko. Alikariri rangi kama mtoto anavyokariri tebo.

Asubuhi ya maonyesho, sisi wasichana tulitumwa kufagia ukumbi. Masanduku yangu yalikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na mbele yake kuna kadi iliyoandikwa kwa wino mzuri kwamba chombo hiki kimebuniwa na kutengenezwa na Mwalimu Festo. Nilimfuata. Nilidhani labda amesahau. Alicheka, akaniambia, "Mtoto wa kike na nyaya wapi na wapi? Watacheka. Wewe utawapa wageni maji." Vyote vilikuwa vyetu mpaka ilipofika zamu ya kuandika jina. Babu wa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, na katika nyumba yetu hakuna asiyejua kwamba msafara uliitwa kwa jina la mwenye mali. Nilisimama na ufagio mkononi, nikaapa kwamba safari hii mzigo utamwangukia mwenye msafara.

Wahenga walisema akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Wenzangu walipokwenda kisimani niliketi chini ya meza ile nikafungua nyuzi zote kwa meno. Nyekundu niliihamishia waya wa kijani, nyeupe ikaenda kwenye wa njano, kila mahali nikafunga fundo lile lile alilolizoea. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena hata siku ya harusi yangu.

Mgeni rasmi alipoketi, mwalimu alihutubia juu ya ubunifu wake, akafungua daftari, akachomeka. Badala ya honi ya garimoshi ilitoka sauti ya punda anayechinjwa. Ikapanda, ikashuka, ikakoroma, ikapanda tena. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Akachomoa uzi mwekundu, na punda akawa wawili. Mgeni rasmi aliziba masikio, kisha akapaza sauti: "Nani hapa anajua kuizima?" Ukumbi mzima uligeuka. Mwalimu Festo alinitazama mimi, jasho linamtiririka, na macho yake yalikuwa yakiniomba. Baba naye alinitazama kutoka nyuma ya ukumbi, walikoketi wazazi, akinipungia mkono niende. Hatua sita tu na waya mmoja. Ningekwenda, ofisa angeona kwa macho yake kazi ni ya nani, na shule ya ufundi ingekuwa yangu. Lakini ningekwenda, ningemwokoa yule bwana. Nilishika sinia langu la maji, nikatulia.

Mtu mmoja alizikata nyaya za betri kwa koleo, cheche zikaruka, nta ikashika moto, na masanduku matatu yakaungua mezani. Mgeni rasmi aliondoka bila kuchagua mtu. Njiani baba alisema kitu kimoja tu, "Ungesimama, mwanangu, wangejua." Nikamjibu kwamba nilitaka aaibike. Hasira hasara, najua. Mwaka uliofuata nilipelekwa kujifunza ushonaji.

Leo nina kibanda cha kutengeneza simu katika mtaa wa Kitete, na mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu yake vijana wa nchi za mbali wakihamisha nyaya za rangi kati ya masanduku, wakipigiwa makofi. Kumbe kitu kile kina jina, kinaitwa sinthesaiza, na kinauzwa madukani. Yeye mwenyewe ni msichana, anasoma umeme, na hakuna anayemwambia agawe maji. Nilifurahi kwa ajili yake. Kwa ajili yangu nililia kwa uchungu.

Mwaka jana Mwalimu Festo alifariki, mzee wa watu, nami nikaenda mazikoni, sikwenda kumlilia. Mwanawe alisoma wasifu wa marehemu. Aibu yote niliyompalilia haikuwemo. Kilichokuwemo ni kwamba marehemu ndiye aliyebuni chombo cha kwanza cha muziki wa umeme mkoani kwetu. Miaka yote ile nilidhani nimelipa kisasi, kumbe nilimchomea ushahidi. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama na magoti yangu mabovu, mbele ya jeneza na watoto wake, nikasema: "Chombo kile nilikitengeneza mimi. Na kelele zile pia zilikuwa zangu."