Bunduki Iliyokataa Shavu la Dada Yangu

Pundamilia alikuwa karibu hadi ungeona nzi kwa masikio yake, na dada yangu bado akamkosa.

Sindano ilipita juu ya mgongo. Akajaribu tena. Juu vilevile.

Na huyu ni Nalotuesha, daktari wa wanyama kwa ranchi moja huku Kitengela. Bunduki yake si ya kuua. Inarusha sindano ya usingizi, mnyama akilala anatibiwa. Mwaka mzima alikuwa hajakosa hata mara moja.

Sasa huyo pundamilia alikuwa amekazwa mguu na waya wa mtego, na mguu ulishaanza kuoza. Meneja wake, Nelson, akamwambia polepole kwamba akishindwa tena, ataita mtu wa Nairobi.

Hiyo ilimuuma. Asubuhi akabeba bunduki mpaka Kiserian kwa Mzee Bedan, fundi mwenye leseni, yule aliyemchongea kile kitako cha mbao.

Kitako cha bunduki ni kama suti, kinapimwa kwa mwenyewe. Urefu unafuata mkono. Pale unapolaza shavu, mbao inachongwa mpaka jicho linyooke na mtutu lenyewe tu, maana bunduki yake haina darubini.

Bedan akamwambia afunge macho, aweke bunduki begani, kisha afungue. Jicho lilikuwa juu sana. Mzee akakagua skrubu, akakagua kama mbao imefura. Wapi. Akabaki anakuna kichwa.

Mke wake, Mama Wamaitha, alikuwa analeta chai. Hakuangalia bunduki. Alimwangalia dada yangu usoni.

"Mbao haijafura, ni shavu," akasema. "Mwanangu, uko na mimba ya miezi mingapi?"

Nalotuesha akacheka. Yeye na Lemein, bwana yake, walikuwa wamengoja mtoto miaka hadi wakaacha kuongea hiyo maneno. Kichefuchefu alikuwa amelaumu nyama. Nguo kubana, akalaumu chapati.

Na huyu ni mtu anapima mimba ya ng'ombe kwa mkono kila wiki.

Akaacha bunduki kwa fundi, akapita hospitali. Ilikuwa miezi minne.

Alilia hapo kwa benchi, halafu akampigia Lemein. Lemein akamfanya arudie mara mbili. Kisha akasema, "Usitoke hapo. Nakuja."

Bedan akapunguza mbao kidogo pale pa shavu. Kesho yake, kwa sababu dawa ile ni hatari kwa mama mjamzito, mwenzake Kiilu ndiye alijaza sindano. Dada yangu akafyatua tu.

Ikaingia kwa paja, sawasawa. Waya ukakatwa, kidonda kikaoshwa, pundamilia akaamka akaenda zake bila hata asante.

Siku hizi mtoto anatambaa. Shavu limerudi vile lilikuwa, kwa hivyo kitako nacho kimekuwa chini, na juzi Bedan amekibandika kipande cha ngozi.

Ukianza kukosa kitu ulichokuwa unakijua, usikimbilie kujiita bure ama kulaumu chombo. Jipime kwanza. Pengine ni wewe umeongezeka.