Nauli ya Kahawa ya Deodatha

Kaka yangu Projest, Mungu amrehemu, alikuwa na moyo mzuri na mkono usiokaa na fedha. Miaka mitatu mfululizo aliuza kahawa yake ikiwa bado maua. Huku Karagwe tunaita butura: tajiri anakupa fedha kidogo leo, mavuno yote yanakuwa yake. Alipofariki, mkewe Deodatha alibaki Bweranyange akipalilia kahawa ya mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe. Akaapa mbele ya ukoo kwamba maua hayatauzwa tena. Mimi wifi yake niliona aibu kwa niaba ya marehemu.

Akaanza kukaanga, kusaga na kufunga nusu kilo nusu kilo, akauza kwa simu katika soko la mtandaoni. Nilimcheka.

"Wifi, nani atanunua kahawa kwa picha?"

"Wewe ulinunua wigi kwa picha," akanijibu.

Na kweli walinunua. Watu wa Songea, wa Mtwara, watu wasiojua hata Karagwe iko upande gani.

Balaa lilikuwa kwenye nauli. Pakiti aliiuza elfu kumi na mbili; kuifikisha Mtwara, basi hadi basi, ilikuwa elfu nane. Mteja alilipa elfu ishirini, na soko likakata asilimia kumi na tano ya zote, pamoja na ile elfu nane ya wenye mabasi ambayo Deodatha hakuonja hata senti yake. Mteja alivyozidi kuwa mbali ndivyo alivyozidi kumkausha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilikuwa cha soko.

Akaandika kulalamika. Wakamjibu kwa adabu kwamba kamisheni hukatwa kwenye jumla ya malipo, na kwamba wanawathamini sana wauzaji wadogo. Mimi nilitukana. Yeye alipandisha bei kidogo ili afidie, na wateja wakahamia kwa wauzaji wa Dar es Salaam, ambao nauli yao ni ndogo. Pakiti zikarundikana chumbani.

Septemba ikafika, na binti yake Prudensia alikuwa na wiki mbili tu za kulipa ada ya chuo cha uuguzi, la sivyo arudi nyumbani. Tulichanga, haikutosha. Shamba lilikuwa limechanua, na harufu yake ilifika hadi barabarani. Rogasian, mnunuzi kutoka Nkwenda, hakuhitaji kuitwa.

"Nibakizie miti miwili," Deodatha alimwomba. "Ya nyumbani tu."

"Mama, mimi nanunua shamba, sinunui miti."

Alisaini butura akiwa amesimama. Nililia mimi, yeye hakulia. Prudensia alibaki chuoni, na kwa hilo ninamshukuru Mungu, lakini hasira yangu haijaisha.

Mavuno yalipofika, vibarua wa Rogasian walichuma hadi tunda la mwisho. Jumapili moja wazee wa usharika walimtembelea Deodatha. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, si ya unga kama ile ya pakiti, iliyochemshwa na kuanikwa, kabla hajaulizwa habari za alikotoka.

Alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma, ameshika kikapu kitupu, macho chini.

"Wifi, naomba kahawa kidogo," alisema. "Nina wageni."